Limefunguliwa na Msomaji

Mimi ni fundi kompyuta, na sitawaficha: watu wenye kompyuta majumbani nawadharau. Siwachukii. Kumchukia mtu ni kazi, na mimi kazi ninazo za kutosha. Nawadharau tu, kimya kimya, huku nikiwaambia pole mama, pole mzee. Kuna anayenipigia simu kwamba mashine imekufa, nafika nakuta waya haujachomekwa ukutani. Kuna mwanamume mzima, ana ndevu zake, amefuta picha zote za harusi yake ili apate nafasi ya kuweka sinema, halafu ananikazia macho kana kwamba mimi ndiye niliyemwozesha.

Nawaambia haya mapema ili mjue ni mtu wa namna gani aliyeingia katika nyumba ile.

Jua lilikuwa linazama. Nilikuwa nimetoka dukani kununua kebo mbili, natembea kurudi kwangu, mkoba begani, sina mawazo mengine ila kuoga. Simu ikaita. Dada yangu mkubwa.

"Uko wapi?"

"Njiani. Nimechoka."

"Pita kwa yule mama wa geti la kijani. Bakapu ya kompyuta yake, ile nakala ya akiba, inakataa, wiki nzima sasa. Nimeshamwambia unakuja."

"Umemwambia nakuja bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa. Mwenzio alimzika binti yake mwaka jana, na huyo binti alikuwa rafiki yangu. Usiende kumjibu ovyo."

Akakata. Ndivyo alivyo dada yangu. Kazi nafanya mimi, sifa anapokea yeye.

Mama mwenyewe alinifungulia geti. Mrefu, mkavu, kilemba cheupe kichwani, na macho yote mawili yameingia ukungu. Hata hivyo hakupapasa ukuta. Alinitangulia ndani kama mtu anayeona, akakwepa stuli, akafungua mlango wa mwisho wa korido.

"Hiki kilikuwa chumba cha mwanangu," alisema. "Karibu, fundi."

Kitanda kimetandikwa. Kabati. Meza, na juu ya meza kompyuta ya kizamani, ile ya boksi la kusimama, ambayo mtu mwenye akili angekuwa ameshaitupa. Pembeni yake kulikuwa na kitabu kinene kilichochanika jalada, na juu ya kitabu spika za kuvaa masikioni. Mashine ilikuwa inawaka. Nilisikia mlio wake kabla sijakaa.

Tik... tik... tik.

Fundi yeyote anaujua mlio huo. Ni diski inayokata roho.

Na kulikuwa na harufu. Mafuta ya nywele yaliyopata moto, ile harufu ya saluni mtu anaponyooshwa nywele kwa chanuo la moto. Nilimtazama mama na kilemba chake. Nikasema moyoni, bibi na uzee wote huu bado anajiremba.

"Inaandika nini leo?" aliuliza. Mkononi alikuwa na kioo cha kukuzia. "Mimi nasoma herufi moja moja, mpaka nimalize maandishi yameshabadilika."

Nikawasha skrini. Binti alikuwa ameiweka mashine nzima katika Kiswahili, nami nikacheka kwa pua. Miaka yote niliyosomea kazi hii, leo naambiwa "Tafadhali subiri" kama niko kwenye foleni ya hospitali. Ujumbe ulikuwa katikati ya skrini:

*Mafaili 212 yamenakiliwa. Faili 1 halikunakiliwa: Kitabu cha Mama. Limefunguliwa na mtumiaji mwingine.*

Nikamsomea. Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari anayoijua.

"Hicho ni kitabu anachonisomea," alisema. "Macho yalipoanza kuniacha, mwanangu akasema, mama, nitakurekodia kitabu kizima, ili hata nikiwa kazini usikilize. Akaanza. Kila jioni akirudi kutoka saluni kwake, anasoma kidogo. Akaugua katikati."

"Pole sana, mama."

"Hajamaliza. Lakini amebakiza kidogo sana." Akasogea karibu na boksi, akaweka kiganja juu yake. "Naogopa huu mlio. Ikifa kabla hajamaliza, mimi nitabaki na nini? Ndiyo maana nataka lipate kuwekwa na kwingine. Akimaliza, nitamwambia akapumzike. Tulikubaliana hivyo."

Nililisikia neno lile, hajamaliza. Nikaliacha lipite. Nilijiambia wazee jana na leo kwao ni kitu kimoja.

"Vaa hizo za masikioni utamsikia," alisema. "Ni saa moja kasorobo. Saa hizi ndiyo anaanza."

Sikuzivaa. Sponji zake zilikuwa zimechakaa, zinang'aa kwa mafuta ya kichwa cha mtu. Nikazisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

"Basi nina ombi, mwanangu. Usiizime. Na usifunge kitu chochote kilicho wazi. Linakili hivyo hivyo lilivyo."

"Sawa, mama."

Hayo ni maneno mawili ninayoyasema kila siku ya kazi, na sidhani kama niliwahi kuyasema nikimaanisha sawa. Kunakili faili lililo wazi bila kulifunga inawezekana. Njia ipo na ninaijua. Inachukua karibu saa nzima, unatega hiki, unasubiri kile. Mimi nilikuwa nataka kuoga.

Nikafungua orodha ya watumiaji. Walikuwa wawili. Mmoja, *Mama*. Wa pili, *Msomaji*. Mama alikuwa ameingia asubuhi. Msomaji alikuwa yumo ndani kwa siku mia tatu thelathini na moja, mfululizo.

"Msomaji ndiye nani?"

"Si ndiye mwanangu."

"Hapa kwenu umeme haukatiki?"

"Unakatika. Wiki iliyopita tu umekatika mara tatu."

Nikainama chini ya meza. Kile kiboksi cha betri cha kushikilia umeme kilikuwepo, nikakibonyeza, kimekufa zamani, betri imevimba mpaka imepasua kifuniko. Sasa mashine iliyokatikiwa umeme mara tatu wiki iliyopita inawezaje kuwa na mtu ndani kwa siku mia tatu na thelathini na moja? Nikasema hesabu ya mashine imeharibika. Fundi akikosa jibu, siku zote kuna kitu kimeharibika.

Nikatazama faili lenyewe. Lilikuwa kubwa kuliko mengine yote kwa pamoja. Nikabonyeza lijionyeshe upya.

Likawa limeongezeka.

Nikabonyeza tena.

Limeongezeka.

Kumbe ndiyo sababu. Upande wa Msomaji, programu ya kurekodi ilikuwa wazi, na ilikuwa inaendelea kurekodi. Nikatafuta maiki. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ukutani, waya wake umeviringishwa vizuri na kufungwa kwa mpira. Nyuma ya boksi, tundu lake lilikuwa limejaa vumbi. Mashine za namna ile hazina maiki nyingine ndani.

Basi inarekodi nini?

Hewa, nilijijibu. Inarekodi hewa na upuuzi. Lakini mkono wangu niliuona umeondoka kwenye meza wenyewe, na ile harufu ya mafuta ilikuwa imesogea. Mwanzo ilikuwa imetanda chumba kizima. Sasa ilikuwa nyuma ya sikio langu la kushoto, ina joto.

Nilikasirika. Mimi nikiogopa huwa nakasirika, ni ugonjwa wa nyumbani kwetu.

"Mama, naomba maji ya kunywa."

"Ngoja nikuchemshie chai kabisa."

"Maji tu, mama. Ya baridi."

Alipotoka nikampigia dada. Nilishusha sauti, ingawa sikushusha ulimi.

"Dada, umenileta kwa bibi aliyeoana na kompyuta. Analilinda faili kama yai. Nalifunga, nanakili, naondoka zangu."

"Amekwambia ulifunge?"

"Hajui anachotaka. Na hatajua, haoni."

Sikungoja anijibu. Nikakata simu.

Nikarudi kwenye orodha, nikamchagua Msomaji, nikabonyeza *Toa*. Mashine ikauliza:

*Msomaji bado anafanya kazi. Ukimtoa sasa, kazi ambayo hajaihifadhi itapotea. Je, uendelee?*

Onyo hilo nimeshaliona mara elfu. Silisomi tena, kama vile msafiri asivyosoma maandishi ya nyuma ya tiketi. Lakini jioni ile nililisoma lote. Kwa sababu zile spika za masikioni, pale pembeni nilipozisukuma, zilikuwa zinatoa sauti. Ndogo... kavu... ya kunong'ona. Mtu alikuwa anasoma. Alikuwa anasoma haraka haraka, anameza maneno, kama mwanafunzi aliyeambiwa muda umekwisha na bado ana swali moja.

Nilipata nafasi ya kuacha. Nataka mjue hivyo. Kidole kilikuwa juu ya kitufe na nilikuwa na muda mwingi tu.

*Ndiyo.*

Kimya.

Mlio wa diski ulikoma. Harufu ikakatika, sio kwamba ilififia, ilikatika. Chumba kikawa chumba cha mtu aliyekufa mwaka jana, kina vumbi na harufu ya godoro.

Faili likaanza kunakiliwa bila shida yoyote. Mstari wa kijani ukasogea mpaka mwisho. *Mafaili 213 yamenakiliwa.* Nikajipongeza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na bilauri. Hakuingia.

"Umefanya nini?"

"Imekubali, mama. Yote yameingia."

"Mbona kimya?"

"Si diski imepumzika."

"Fundi, mbona kimya?"

Nina desturi moja kazini. Kabla sijaondoka namfungulia mteja faili la mwisho mbele yake, ili kesho asinipigie simu kwamba halifunguki. Naifanya kwa kujilinda, sio kwa wema. Nikachomoa zile za masikioni, nikafungulia spika za kawaida, nikalisogeza faili hadi dakika yake ya mwisho, nikaliachia.

Sauti ya mwanamke mtu mzima, ya kuchoka, nzuri, yenye kupitia puani kidogo. Ilikuwa inasoma.

"...akausukuma mlango, akamkuta mama yake bado amekaa pale pale alipomwacha, na taa imekwisha mafuta..."

Mama akaketi kitandani. Uso wake ulilainika wote. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kweli hiki ndicho alichokuwa nacho tu, jioni hizi zote, na nikaanza kuona aibu kabla sijajua aibu ya nini.

Kisha, ndani ya rekodi, chini ya sauti ile, ikaja nyingine. Ya mwanamume.

"Dada, umenileta kwa bibi aliyeoana na kompyuta."

Yangu.

Msomaji aliacha kusoma. Tulimsikia akiacha. Pumzi yake ilibaki pale, karibu na chombo, inasikiliza.

"Hajui anachotaka. Na hatajua, haoni."

Mama hakugeuka kunitazama. Maji yalikuwa yanamwagikia shuka, naye hakuinua bilauri. Mimi nilinyoosha mkono nikazime, nikaogopa kugusa kitu.

Kimya kidogo kwenye rekodi... Halafu mnong'ono, sio wa kusoma tena. Wa mtu anayemsemesha mtu.

"Mama. Mwambie asinitoe. Nimebakiza ukurasa mm..."

Basi. Hapo ndipo nilipobonyeza.

 Taa ya barabarani iliwaka, mwanga ukaingia kwa dirisha.

"Mrudishe," alisema.

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu kama ambavyo sijawahi kumfanyia mteja yeyote. Nikaingia kwa jina la Msomaji, nywila alinitajia mama. Upande ule ulikuwa mtupu. Programu ya kurekodi ilikuwa imefungwa, na faili limekuwa faili tu, lina mwanzo na mwisho, haliongezeki hata nikibonyeza mara ishirini. Nikazima, nikawasha, nikaingia tena. Nikaichomeka maiki. Nikavaa zile za masikioni, sasa nazivaa, nikazikandamiza masikioni kwa mikono miwili. Nilisikia damu yangu mwenyewe.

"Nilidhani ni..." nilianza.

"Hukudhani kitu. Uliniangalia ukaona mtu asiyeona, ukamaliza."

"Mama, kitabu kipo hapa. Huo ukurasa mmoja naweza kukusomea mimi."

"Sauti yako nimeshaisikia," alisema.

Akanitoa mpaka getini, akafunga kufuli. Hakunipigia kelele. Ningemshukuru kama angenipigia.

Dada yangu nilimweleza. Sikumweleza yote. Alisikiliza, akauliza kama huyo binti alikuwa na sauti ya puani kidogo, nikasema ndiyo, akaingia chumbani kwake na hakunisemesha siku tatu. Mimi nikakaa na kazi yangu ya kutafuta sababu. Labda ndani ya lile boksi kuna maiki nisiyoijua. Hiyo ingeeleza sauti yangu. Labda mama mwenyewe husoma, kwa kioo, jioni, akiigiza mwanawe, kwa upweke. Hiyo ingeeleza kitabu. Lakini mama alikuwa jikoni anachota maji, na mtu hawezi kuwa jikoni na hapo hapo akawa ananong'ona ndani ya zile za masikioni.

Siku ya tisa simu ikaita. Nilikuwa kazini kwangu, bado nimewasha taa moja tu. Nikatazama saa ya ukutani. Saa moja kasorobo.

"Fundi," alisema yule mama. "Bakapu imekataa tena. Inaandika faili limefunguliwa."

Nilisimama. Nitasema ukweli: nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga. "Amerudi?"

"Sijui."

"Limefunguliwa na nani? Hapo chini huwa pana jina."

"Hapana jina. Nimepitisha kioo mara tatu. Pale penye jina ni patupu."

"Unamsikia?"

"Namsikia. Ananiita mama."

"Kwa sauti ya binti yako?"

 Nilisikia kitu nyuma yake, upande wa pili wa simu, mlio mwepesi. Tik... tik...

"Hapana," alisema. "Mwanangu namjua. Huyu siye."

"Anasoma?"

"Hasomi. Nadhani hajui kusoma. Ananiita tu. Mama, mama, mama. Siku ya kwanza alikuwa anakosea. Sasa amezoea."

Nikaketi. Nilikumbuka ule upande mtupu niliouacha wazi, na nywila ikiwa imeingizwa, nilipokata tamaa na kuchukua mkoba wangu. Sikuufunga. Siku moja niliyotakiwa kufunga kitu.

"Mama, nisikilize. Chomoa waya ukutani sasa hivi."

"Nilichomoa juzi."

Nikanyakua mkoba wangu. 

"Ninakuja," nilisema. "Ninakuja na dada. Tutaitoa mashine hapo, tutaipeleka mbali."

"Usije. Umeniachia ukimya siku tano nzima kabla huyu hajaja, fundi. Ungejua ukimya ulivyo. Bora huyu."

"Mama, hujui ni kitu gani."

"Wewe unajua?" Alisubiri nijibu, kwa uvumilivu. "Amekuulizia. Sauti yako si imo mle, kwenye faili? Anapenda kuisikiliza, anairudia rudia. Ameuliza huyu ni nani, na anakaa wapi."

"Hukumwambia."

"Nimemwambia."

Taa yangu ilikuwa inawaka. Mlango nilikuwa nimeurudishia tu, kwa sababu ya joto, na kutoka nje, kidogo kidogo, ikaanza kuja harufu ya nywele zinazoungua.

"Mama, kwa nini?"

"Aliniuliza vizuri," alisema. "Halafu akangoja nimjibu."